Gunia la Kilo Hamsini

Juni 14

Mwanangu Cherop ameacha nusu ya daftari lake la jiografia bila kuandikwa, nami nimelichukua. Miaka tisa nilikuwa keshia Nakuru, kwenye supamaketi iliyofunga milango bila hata kutuaga, na mazoea ya kufunga siku kwa kuandika hayajanitoka. Mume wangu Bethwel ananicheka. Anauliza kama na yeye nitamwandikia risiti.

Viazi vimetoa maua vizuri mwaka huu. Ekari yangu iko juu, ya jirani yangu Mugure iko chini kuelekea barabara, na katikati hatujaweka ua, ni mstari wa mawe tu. Ekari zote mbili ni za Hiram, daktari mstaafu anayekaa Milimani na ambaye sijawahi kumwona na matope kwenye viatu. Kodi ni elfu ishirini kila ekari, na ya mwaka ujao lazima imfikie kufikia tarehe thelathini na moja Agosti. Asiyelipa anaondoka. Wanaoitamani ardhi hii ni wengi, maana lori linafika karibu.

Mimi nikiikosa ekari hii nitalia, lakini Bethwel ana kipande chake kidogo kwao na hatutalala njaa. Mugure hana pengine. Shamba lake la zamani lilibaki ng'ambo ile nyingine ya mto, tangu ule mwaka mbaya wa vurugu za uchaguzi, na mimi na yeye hatulizungumzii. Ni Mkikuyu, mimi ni Mkalenjin, na tumelima bega kwa bega miaka sita. Watoto wangu wanamwita shosho, yaani nyanya, na mimi pia.

Juni 19

Kipkemboi alikuja kuhusu viazi. Ni mdogo wake Bethwel, na ndiye broka, dalali wa viazi, wa upande wetu huu. Hapa lori halipakii kwenye shamba la mtu mpaka broka wa eneo hilo aseme. Ukijaribu kumruka, dereva anakuambia amejaza, hata kama lori ni tupu.

Mugure alikuwepo, tulikuwa tunakunywa chai. Kipkemboi akasema, "Shem, mimi sitaki mambo mingi. Nipeeni kumi kwa mia. Gunia ikienda elfu tatu, yangu ni mia tatu."

"Na ikienda elfu nne?"

"Si utakuwa umefurahi pia?"

Nilimwangalia. Bei imekuwa ikipanda tangu Mei, kila mtu anajua. Kumi kwa mia maana yake ni kwamba kila bei inavyopanda naye anapanda nayo, na jembe hajashika. Nikamwambia, "Mia mbili kila gunia. Bei ipande, ishuke, yako ni mia mbili."

Alimtazama kaka yake. Bethwel akatazama chai. Kipkemboi akacheka, "Wewe ni mgumu. Sawa, mia mbili kila gunia. Shosho je?"

"Mimi ni venye Mama Cherop amesema," Mugure akajibu.

Nilijisikia vizuri sana. Bado najisikia vizuri.

Juni 27

Mvua. Tumenyunyiza dawa ya baridi, ule ukungu wa majani, maana majani ya Mugure upande wa chini yameanza madoa. Dawa tumechukua kwa mkopo kwa agrovet, duka la pembejeo, kama mbolea.

Julai 3

Leo nimeona lumbesa za jirani zikipakiwa na nikakasirika mpaka kichwa kikauma. Gunia wanalijaza mpaka mdomo, halafu wanalishonea wavu juu na kuendelea kujaza, mpaka linakuwa na kichwa kikubwa kuliko mwili. Watu wawili hawaliinui. Ni kilo mia na ishirini, na linalipwa kama gunia moja. Sheria inasema kilo hamsini. Sheria hiyo wanaijua wote, hata anayeshona ule wavu.

Nimemwambia Bethwel mwaka huu viazi vyangu vitapimwa kwa mizani. Akasema, "Ambia Kipkemboi, si mimi."

Julai 4

Nimemwambia Kipkemboi. Amekataa. Amesema wanunuzi watanihama.

Julai 7

Amekubali! Amekuja mwenyewe asubuhi, na mizani ya kuning'iniza begani, akitabasamu. "Shem, nimeongea na watu wa Nairobi. Wewe na shosho mtauza kilo hamsini hamsini. Mmekuwa wa kwanza hii kilima yote."

Nilimpikia mayai. Namwandikia hapa sifa zake kwa sababu huwa namwandikia mabaya tu: amesikia, amefikiri, amebadilika. Jioni baada ya maombi kanisani kina mama walinizunguka wakitaka kujua nilisema nini mpaka broka akakubali. Mugure alisimama pembeni akitabasamu kama aliyezaa yeye.

Julai 11

Tumekubaliana tuanze na ekari yangu. Huwa tunachimba kwa zamu, wote kwangu halafu wote kwake. Nilitaka tupige kura kama kawaida lakini Mugure akasema, "Anza wewe, uko na mtoto wa shule. Yangu itangoja, viazi haina miguu."

Julai 14

Magunia ishirini ya kwanza, kilo hamsini kila moja, elfu moja mia tatu kila moja. Elfu ishirini na sita. Kipkemboi alikata elfu nne zake. Niliona ni nyingi kidogo, lakini ukiwa na pesa mkononi hufikirii sana. Nimenunua nyama.

Julai 17

Mvua mchana kutwa.

Julai 18

Mvua. Barabara imekatika pale kwa daraja. Lori la Dalmas, dereva wa Kipkemboi, limelala kwenye matope tangu jana.

Julai 20

Mvua. Vibarua wamekataa kuchimba matope. Siwalaumu.

Julai 24

Bei imeshuka hadi elfu moja. Wanasema viazi vinaingia Nairobi kutoka kila upande, na wakulima wote wanaogopa kuoza, kwa hiyo wote wanachimba pamoja.

Julai 30

Nimeuza magunia sitini yaliyobaki. Bei, mia saba.

Pesa iliingia kwenye simu, tayari imekatwa. Niliketi kwenye kigoda nje nikaitazama ile tarakimu nikidhani wamekosea. Kisha nikafanya hesabu. Sitini mara mia saba ni elfu arobaini na mbili. Sitini mara mia mbili ni elfu kumi na mbili. Kipkemboi amechukua elfu kumi na mbili kati ya elfu arobaini na mbili, na hajashika hata kiazi kimoja.

Nilirudia. Halafu nikarudia kwa lumbesa. Viazi vile vile, kilo elfu tatu, vingejaza lumbesa ishirini na tano. Wanaouza lumbesa wanapata elfu moja mia nne kila moja wiki hii. Ni elfu thelathini na tano. Kamisheni ya magunia ishirini na tano ni elfu tano. Inabaki elfu thelathini.

Na mimi kwa mizani yangu, kwa sheria yangu, kwa sifa zangu za kanisani, imebaki elfu thelathini. Ile ile. Elfu saba zote nilizowanyang'anya watu wa lumbesa zimeingia mfukoni mwa Kipkemboi. Nilipopunguza gunia niliyaongeza magunia, na yeye analipwa kwa gunia. Ndiyo maana alikuja anatabasamu. Zile siku tatu hakuwa anaongea na watu wa Nairobi. Alikuwa anapiga hesabu ambayo mimi, keshia wa miaka tisa, sikuipiga.

Na angechukua ile kumi kwa mia yake aliyoiomba, ingekuwa elfu nne na mia mbili.

Nilimpikia mayai.

Julai 31

Nimeenda kwake. Alikuwa anaosha pikipiki. Nikamwambia twende kwa kumi kwa mia, angalau kwa viazi vya Mugure ambavyo bado viko ardhini.

"Shem, si ni wewe ulisema? Bei ipande, ishuke."

"Nilisema tukiwa na lumbesa akilini."

"Ulisema gunia. Sasa gunia ni gani?" Hakupandisha sauti. Huyu mtu hapandishi sauti. "Bei ingefika elfu mbili hapo, ungekuja kuniongezea?"

Jibu ni hapana. Nikamwambia Mugure ni mzee na hana mtu. Akasema na yeye ana mkopo wa pikipiki.

Nyumbani Bethwel alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Ulitaka kumshinda hesabu," akaenda kukamua ng'ombe. Kwake Kipkemboi bado ni yule mtoto aliyembeba mgongoni. Nimeolewa miaka kumi na saba na ni leo tu nimeelewa kwamba katika nyumba hii mimi ni mgeni aliyekaa muda mrefu.

Agosti 2

Nimemwambia Mugure yote. Nilimwonyesha kwenye simu, hatua kwa hatua. Alifuatilia kwa kidole, midomo ikisonga.

"Kwa hivyo turudi lumbesa?" akauliza.

"Shosho, ni sawa tu. Ukirudi lumbesa, wanunuzi wanachukua. Ukibaki kilo hamsini, Kipkemboi anachukua."

"Na broka mwingine?"

"Hawezi kuingia hapa."

Akasema tubaki na mizani, angalau mgongo wa mtu hauvunjiki. Akanimiminia chai. Afadhali angenitukana.

Agosti 6

Mvua.

Agosti 9

Mvua. Nilishuka kwenye ekari ya Mugure nikafukua mashina matatu. Mawili viazi vyake ni laini, vinanuka.

Agosti 13

Jua nusu siku. Tulichimba, mimi, yeye na vibarua wanne. Mugure anachimba kwa magoti sasa, anaweka gunia tupu chini ya magoti. Vilivyooza tunavitupa kwenye mtaro, na mtaro umejaa.

Agosti 16

Baridi ya kuuma vidole. Bei bado mia saba.

Agosti 22

Viazi vya Mugure vimeenda. Magunia sitini kamili, kama yale yangu ya mwisho. Alitaka niandike mimi, kwa hiyo naandika.

Elfu arobaini na mbili. Kamisheni elfu kumi na mbili, zikabaki thelathini. Kuchimba, mia kila gunia, elfu sita. Magunia matupu, elfu mbili na mia nne. Mkokoteni wa punda hadi barabarani, elfu tatu. Ushuru wa kaunti, elfu moja na mia mbili. Tukaenda wote kwa agrovet akalipa elfu nne na mia sita za mbolea na dawa. Alipotoka pale alikuwa na elfu kumi na mbili na mia nane.

Kodi ni elfu ishirini. Amepungukiwa elfu saba na mia mbili.

Sikumwambia kwamba kwa kumi kwa mia angekuwa na elfu ishirini na mia sita. Angelipa kodi na kubaki na pesa ya chumvi na mafuta. Sikumwambia lakini nadhani anajua. Tulipofika kwenye mawe yetu alisimama akaangalia ekari yake, yote imegeuzwa, nyeusi, imelowa.

"Siku tisa," akasema. "Mungu ataona."

Agosti 23

Mimi nimeshalipa kodi yangu. Nimebakiwa na elfu tisa na mia mbili, na ndizo karo ya Cherop, shule inafunguliwa Jumatatu.

Elfu tisa na mia mbili. Yeye anahitaji elfu saba na mia mbili. Nimeziandika hizi tarakimu pembeni mwa ukurasa mara nyingi leo, na kila nikiziandika zinatosha.

Wakati wa chakula nilimwambia Bethwel nataka kumkopesha Mugure. Akasema karo je. Nikasema Cherop anaweza kwenda na kidogo, tuongee na mwalimu mkuu. Akasema, "Watamrudisha kama mwaka jana, akae nyumbani mwezi mzima. Na huyo mama, akishindwa kulipa?" Nikasema atalipa Januari. Akauliza kwa kitu gani. Nilikasirika kwa sababu hata mimi nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo.

Agosti 24

Sijaamua.

Agosti 25

Cherop amerudi shule na elfu mbili. Nimezuia zingine. Bethwel haongei nami.

Bado sijampelekea Mugure. Najiambia nangoja mwalimu mkuu aseme. Ukweli ni kwamba ninaogopa kuzitoa. Pesa yenyewe ndiyo iliyobaki ya msimu mzima, na nikiitoa nitakuwa nimelima bure kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Naandika hivi ili nisije nikasema baadaye kwamba nilikuwa nimeshughulika.

Agosti 27

Mwalimu mkuu amesema Cherop atakaa hadi nusu muhula. Kesho naenda kwa Mugure.

Agosti 28

Nimefika kwake saa nne asubuhi na elfu saba na mia mbili kwenye mfuko wa sweta. Nilizitoa kwa simu nikazitaka noti, nimpe mkononi. Alikuwa ameketi mlangoni, simu yake ndogo mapajani.

"Daktari amepiga," akasema.

"Amesema nini?"

"Ekari imelipwa. Amesema nitoe vitu vyangu, ile jembe na mtungi, kabla ya mwisho wa mwezi."

Nilimwambia haiwezekani, bado kuna siku tatu. Nikampigia Hiram nikiwa pale pale. Ana sauti ya upole kama ya mtu anayekuambia majibu ya maabara. "Mama Cherop, kijana alinitumia pesa yote Jumanne. Akaniambia yule mzee hana na hatapata. Mimi nina bili zangu."

"Kijana gani?"

"Si ni wa kwenu? Kipkemboi. Alisema familia yenu ingependa ekari zote mbili ziwe pamoja."

Mugure alisikia, maana simu yangu inapiga kelele. Mtu pekee aliyejua kwamba amepungukiwa ni mimi. Mimi nilimwambia Bethwel mezani, na Bethwel akamwambia mdogo wake, labda bila nia mbaya, labda walikuwa wanaongea tu kuhusu mimi na ukaidi wangu. Na Kipkemboi alikuwa na elfu ishirini. Nilizihesabu mwenyewe zikimwendea. Magunia yangu themanini, elfu kumi na sita. Magunia yake Mugure, elfu kumi na mbili. Sisi wawili tumemlipia kodi na akabaki na chenji.

Nilimpa zile noti hata hivyo. Akazikunja akanirudishia kwenye mfuko wa sweta, taratibu.

"Peleka mtoto shule," akasema. Halafu akasema kitu ambacho hajawahi kuniambia kwa miaka sita. "Nyinyi mko wengi hapa."

Hakusema kwa hasira. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa, kisha nikarudi nyumbani.

Agosti 29

Nimempelekea Cherop karo yote iliyobaki. Bethwel amesema asante. Nimemuuliza kama alimwambia Kipkemboi. Amesema hakujua itafika huko. Ninamwamini, na haisaidii chochote.

Agosti 31

Mugure alikuja kuchukua jembe na mtungi. Nilimsaidia kubeba mtungi. Njia nzima tuliongea kuhusu baridi.

Septemba 4

Kipkemboi ameanza kuondoa mawe ya mpakani.

Septemba 6

Simu ililia nikiwa natoa magugu. Nimepokea elfu moja na mia mbili kutoka kwa Kipkemboi. Nilidhani amekosea nambari. Jioni alipita na pikipiki yake akasimama barabarani bila kuizima.

"Shem, uliona ile kitu?"

"Ni ya nini?"

"Ni yako. Si ni wewe uliniletea shosho kama mteja? Broka akiletewa mzigo na mtu lazima amtolee huyo mtu kitu. Ilikuwa elfu kumi na mbili, nimekutolea kumi kwa mia." Alitabasamu kwa wema, naapa ulikuwa wema. "Mimi hulipa kwa asilimia, hiyo ndio fair."

Akaenda. Nilisimama pale na jembe. Nilitaka kumrudishia, na ningeweza, ni kubonyeza tu. Nilifikiria kuzitupa kwenye sadaka. Nilifikiria kumtumia Mugure bila kusema zimetoka wapi, lakini simu yake ingemwonyesha jina langu na angezirudisha.

Septemba 9

Mugure alibisha mlango asubuhi mapema, amevaa buti na amefunga kitambaa kichwani. Nilidhani amekuja kunisalimia. Alisimama nje ya mlango na hakutaka kuingia, alisema buti zina matope.

"Mama Cherop, nimesikia unatengeneza shamba. Unaandika vibarua?"

Nilisema ndiyo. Kibarua ni mia tatu kwa siku.

Septemba 12

Tumemaliza kugeuza ekari yangu. Siku nne, mimi na Mugure peke yetu, na upande wa chini trekta ya Kipkemboi ikilima ile nyingine. Mugure hakuitazama hata mara moja. Anachimba vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, mstari wake umenyooka na haachi kisiki.

Jioni nilimtumia pesa yake kwenye simu, elfu moja na mia mbili, zile zile za Kipkemboi. Hii aliipokea, maana ni jasho lake. Alisoma ujumbe, akaunyanyua mbali kidogo na macho ili auone vizuri, akanishukuru. Kisha akauliza kama wiki ijayo kutakuwa na kazi nyingine.